Vizibo vya Mwalimu Nasma

Kila asubuhi, kabla kengele haijagongwa, Mwalimu Nasma alipita nyuma ya baa ya Loisi kuokota vizibo. Mkono mmoja ulishika mtandio usianguke, mkono wa pili ulichagua. Vilivyokunjika aliviacha. Zamani hapa Gulwe watoto tulinyang'anyana kizibo kimoja, lakini tangu wafanyabiashara waruhusiwe kuleta soda na bia za kila aina, ua wa Loisi ulikuwa kama umemwagiwa.

"Mwalimu, jana umekunywa ngapi?" Loisi alimtania akiwa mlangoni.

"Zote hizi. Huoni?"

"Na Ramadhani inakuja!"

"Ndiyo maana nawahi."

Loisi alicheka mpaka akaushika mlango.

Nyumba yetu imepakana na shule. Ukikaa barazani unaliona lote darasa la nne, alilofundisha Mwalimu Nasma, kwa sababu madirisha hayana hata mbao. Nilisoma kwake mpaka la tatu, nikaacha mama alipougua. Niliyoyaandika hapa niliyaona, na mengine alinieleza mwenyewe, akija jioni kumjulia mama hali.

Mwalimu alikuwa Mrangi wa Kondoa, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Mwaka ule kituo cha walimu kilianzisha mafunzo ya kupata walimu viongozi wa hisabati. Kila kata ingetoa mmoja, naye angewafundisha wenzake wa shule za jirani. Mwalimu Nasma alimalizia likizo yake yote huko. Kazi ile aliitaka, wala hakuficha.

"Watoto nawarekebisha kila mwaka," aliniambia, "na kila mwaka wanakuja wengine na kosa lile lile. Nataka niwapate walimu wao."

Kosa lenyewe ni kuimba. Kwetu jedwali linaimbwa: saba mara moja, saba; saba mara mbili, kumi na nne. Mtoto anaimba vizuri kabisa, lakini muulize saba mara nane. Atarudi chini kwenye saba mara moja, aanze kupanda. Ukimkatiza katikati, basi, amepotea.

Aliporudi mafunzoni aliwakusanya walimu wa shule yetu wafanye zoezi.

"Saba mara nane," akasema. "Bila kuimba."

Midomo ya Mwalimu Mkuu, Mwalimu Bartolomayo, ikaanza kucheza polepole.

"Msimkatize Mkuu," akasema kijana mmoja aliyetoka chuoni juzi juzi, "amefika saba mara tatu!"

Walimu wakaangua kicheko. Mwalimu Bartolomayo naye alicheka. Alipotoka nje alikuwa hacheki tena.

Ikabaki mkufunzi, Bwana Yotham, aje kutoka Dodoma amwone Nasma akifundisha, ndipo aamue. Siku yenyewe Mwalimu Mkuu alimsimamisha mlangoni.

"Nasma, mgeni anaondoka na treni ya mchana. Waimbishe, apige makofi, upate cheo chako. Mimi nitakusifia."

"Nimekusikia, Mwalimu Mkuu."

Watoto wakaimba jedwali la saba mpaka mama yangu akaitikia huko ndani. Bwana Yotham akapiga makofi, akatoa kalamu. Ingeweza kuishia hapo. Lakini Mwalimu Nasma alimwita Mudrick, mtoto mzito wa hesabu kuliko wote, akampa kopo la vizibo.

"Saba mara nane. Tuonyeshe."

Mudrick akapiga magoti, akapanga mistari sakafuni. Mstari wa tatu akaweka vizibo tisa. Akaona, akafumua yote, akaanza upya. Bwana Yotham akatazama saa. Honi ikasikika mbali relini.

"Mtajie tu jibu, Mwalimu."

"Amekaribia, Bwana Mkufunzi. Tumsubiri kidogo."

"Treni hiyo, jamani," akasema Mwalimu Mkuu, akachukua mkoba wa mgeni, wakatoka.

Hawajaumaliza uwanja, Mudrick akainua kichwa. "Hamsini na sita!"

"Umejuaje?"

"Mistari mitano ni arobaini. Hii miwili, kumi na sita."

Mwalimu Nasma alimsikiliza hadi mwisho, kama vile hakuna mtu aliyeondoka.

Cheo alipewa Mwalimu Petro wa shule ya ng'ambo ya reli. Darasa lake liliimba na kukaa. Mwalimu Mkuu alitangaza kwa upole, akaongeza kwamba Nasma atahudhuria semina za Petro pamoja na wengine.

Semina ya kwanza ilifanyika hapo hapo shuleni kwetu, Jumamosi. Petro si mtu mbaya. Alikuwa ametunga wimbo mpya wa jedwali la nane, wenye makofi, akawasimamisha wote.

"Dada Nasma, mbona huimbi?"

"Nasikiliza, kaka."

"Lete basi vile vizibo vyako. Kopo likifunikwa hilo ni kayamba!"

Akalichukua mezani, akalitikisa. Likalia vizuri kweli. Walimu wakaanza kuimba, na Mwalimu Bartolomayo akiwa mbele yao. Nasma alisubiri wimbo uishe. Akaenda mbele, akanyoosha mkono, Petro akampa kopo.

"Mudrick analitaka Jumatatu," akasema.

Akatoka, akaukata uwanja, kopo amelishika kwapani lisilie.

"Dada, si unarudi? Bado chai!" Petro akaita.

Kiti chake kilikaa wazi mpaka chai ikaisha. Semina iliyofuata hawakukiweka.