Oliva na Jopo Lake la Magunia Matatu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baridi ya Juni inateremka kutoka milima ya Matogoro. Ndani ya ghala la mahindi, Oliva Luambano (39) anasimamisha magunia matatu ya pumba, anayapanga mstari mmoja, kisha anakaa mbele yake juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Habari za asubuhi, waheshimiwa," anayaambia.

Gunia la katikati ndiye mwenyekiti, maana ndilo nene kuliko mengine.

Oliva hana wazimu. Alhamisi saa tatu ana usaili wa nafasi ya mtunza ghala katika kampuni moja inayonunua mahindi hapa Songea, na hana mtu wa kumuuliza maswali.

Kwa miaka tisa amekuwa kibarua: anashona midomo ya magunia, anafagia, anapanga. Analipwa shilingi 7,000 kwa siku, tena siku ambayo mahindi yameingia. Ghala likiwa tupu, anakaa nyumbani. Nafasi anayoiomba ina mkataba, mshahara wa kila mwezi na bima ya afya. Cheti cha utunzaji wa ghala anacho, alikisomea jioni kwa mwaka mzima.

"Kazi naijua," anasema. "Kinachonishinda ni kujieleza."

Maswali ya hesabu hayamtishi. Yanayomtisha ni yale yanayoanza na "tueleze siku moja": siku uliyogombana na mwenzako, siku uliyoshindwa, siku uliyokosea, na ulifanya nini.

Mwaka jana kampuni hiyohiyo ilimwita. Mwenyekiti akamtaka aeleze kosa kubwa alilowahi kufanya kazini. Oliva amelelewa kanisani, na tangu mafundisho ya komunyo ya kwanza alifundishwa namna ya kuungama: taja dhambi yako, usijitetee, usimtaje mwenzako, kisha nyamaza usubiri. Akafanya hivyohivyo.

"Nilipokea magunia arobaini kutoka Mpitimbi bila kuyapima," alijibu, macho sakafuni. "Mahindi yalikuwa hayajakauka. Yakaanza kuota kuvu. Kosa ni langu mimi."

"Halafu?" akauliza mwenyekiti.

"Najuta sana."

"Sawa, mama. Halafu?"

"Naomba mnisamehe."

Mwenyekiti aliwatazama wenzake, akaandika neno moja, akafunga faili. Nafasi ilikwenda kwa mtu mwingine.

Siku ya pili yake alimsimulia Zuhra, mshonaji mwenzake wa magunia, mwenyeji wa Tunduru. Zuhra alicheka hadi akaangusha sindano.

"Dada Oliva, ulikwenda kwenye usaili au kwa padri? Wale walitaka kujua uliyaokoaje yale mahindi! Si uliyaokoa? Mimi si nilikuwepo?"

"Sasa nijisifu mbele za watu?"

"Wallahi, usipojisema wewe, atakusema nani?"

Na kweli aliyaokoa. Alifungua magunia yote arobaini peke yake, akaanika mahindi kwenye turubai siku mbili, akachambua punje zilizooza kwa mkono. Yaliyotupwa hayakufika magunia manne. Tangu siku hiyo hakuna mzigo unaopita mlangoni kabla hajachukua punje kidogo, akazitia kwenye chupa kavu pamoja na chumvi na kutikisa. Akisubiri robo saa akaona chumvi imeganda kwenye kuta za chupa, anajua punje bado zina unyevu, na mzigo unarudi kuanikwa.

Zuhra angekuwepo, mazoezi yangekuwa rahisi. Lakini Machi mwaka huu alirudi Tunduru kumuuguza mama yake. Huko aliko mtandao unasumbua, na simu zimepungua hadi moja kwa mwezi.

Nyumbani Matogoro, Oliva ana vyumba viwili na yeye mwenyewe. Mume wake alivuka kwenda Msumbiji kutafuta madini miaka saba iliyopita, na mwaka wa pili simu zake zilikoma. Binti yao, Adela, yuko kidato cha kwanza na anaishi kwa bibi yake, kijijini Lusewa. Oliva alimpeleka huko kwa sababu vibarua havina ratiba, na mtoto wa kike hakai peke yake kutwa nzima.

"Nikirudi nafungua mlango, nafunga mlango," anasema. "Kuna wiki sauti yangu mwenyewe naisikia Jumapili tu, nikiimba kanisani."

Mlango wa ghala unasukumwa. Ni Polikarp, mpakiaji, kitambaa begani.

"Mama Adela! Leo unawahubiria pumba?"

"Nafanya mazoezi ya usaili. Kaa hapo, niulize swali."

"Mimi nabeba magunia. Maswali nimewaachia mahakimu." Hata hivyo anakaa.

"Umemkalia mwenyekiti."

"Basi mimi ndiye mwenyekiti. Haya, mama, tueleze siku uliyokosea."

Oliva anainamisha kichwa. "Nilipokea magunia arobaini..."

"Macho, mama! Mbona kama umeniibia kuku?"

Anaanza upya. Mara hii haishii kwenye kosa. Anataja turubai, siku mbili, magunia aliyookoa, chupa na chumvi. Mwanzoni anarudiarudia maneno, halafu yanakaa sawa. Akimaliza, Polikarp anakuna kidevu.

"Kumbe ile chupa ya mlangoni ni akili yako? Mimi nilidhani ni ya bosi."

"Wote mnadhani hivyo."

"Sasa ulinyamaza kwa nini?"

Oliva anachukua sindano yake ya kushonea magunia. Lori la kwanza linapiga honi nje, na Polikarp anainuka kwenda kushusha.

Akiipata kazi hiyo, jambo la kwanza ni kumwombea Adela uhamisho, asome shule ya kutwa mjini na walale nyumba moja. Akiikosa, hatatoka kimya kama mwaka jana. Atawauliza wanajopo kosa lake liko wapi, na atasubiri jibu.

"Lakini naitaka," anasema, akitia uzi kwenye sindano yake ndefu. "Adela akiwa hapa, jioni ataniuliza, 'Mama, umeshindaje?' Nitamweleza tangu asubuhi, mpaka aombe kwenda kulala."