Fataki Juu ya Meko

Nilifanya kazi miaka kumi na minane katika ghala la risasi la jeshi, na katika miaka hiyo yote hakuna kitu kilichonitoa jasho kama kile kilichokuwa jikoni kwa mama mkwe wangu, kimetundikwa kwenye msumari kati ya vibuyu vya maziwa. Sikukiona kwa macho yangu kikiwa pale, na hilo ndilo lililonitesa. Kwetu mwanaume haingii jikoni kwa mama mkwe wake.

Wengi siku hizi wameacha mambo hayo. Wanakumbatiana na wakwe kanisani na kupiga picha pamoja. Yeye hakuacha, wala sikumlaumu. Tangu nimwoe binti yake hatukuwahi kupeana mkono wala kula meza moja, na tukikutana njiani alikuwa akipinda na kuingia kwenye majani chai mpaka nipite. Akiwa na neno la kuniambia alimpa mke wangu, na mke wangu akanipa mimi. Jibu langu lilirudi kwa njia hiyo hiyo. Tuliheshimiana sana, na naamini tulipendana, ila kwa mbali.

Siku hiyo tulikuwa tumempelekea chumvi ya ng'ombe. Kwake ni upande wa Kipkelion, kule juu ambako mashamba ya chai yanaishia na msitu unaanza. Ilikuwa saa nane mchana, mvua imetulia kidogo. Nilikaa sebuleni kama mgeni anavyokaa. Jikoni ni nyumba ya peke yake, hatua kama kumi na tano hivi kutoka sebuleni, ya mbao na mabati, mlango mmoja. Moshi ulikuwa mwingi, maana mkwe akija moto huchochewa.

Mke wangu alitoka huko akicheka.

"Mama ameokota tochi ya wanajeshi huko msituni akitafuta kuni," akaniambia. "Anasema wewe ni mtu wa jeshi, uangalie kama inaweza kuwaka. Lakini ilikuwa imenyeshewa, ameiweka juu ya moto ikauke kwanza."

Sasa, huku kwetu kwenye mvua, kila kilicholowa hupanda juu ya meko. Kuni, mahindi ya mbegu, viatu vya shule, hata Biblia nimewahi kuiona huko juu. Na wanajeshi kweli walikuwa wamepiga kambi msituni mwezi uliotangulia, wakifanya mazoezi. Nilianza kukosa raha.

"Tochi ya namna gani?"

"Bomba tu, ya aluminiamu. Fupi kuliko mkono. Iko na kamba kwa chini."

Nikasimama.

Fataki ya ishara si kitu kikubwa. Ni bomba la kushika mkononi. Ndani yake mna roketi ndogo, na ndani ya roketi mna unga unaowaka mwekundu, pamoja na kamwavuli ka kuushusha polepole ili watu wa mbali wauone. Ukivuta kamba, springi inaachia, kiwashio kinagongwa, roketi inaruka. Unga ule ukishawaka, ndoo ya maji hainusuru kitu. Katika nyumba ya mbao, mtu aliye karibu hapati nafasi ya kuuliza ni nini.

Nilichozipendea fataki hizi ni woga wa walioziunda. Walijua kwamba askari ni binadamu, ana baridi, ana usingizi, ana haraka. Kwa hiyo waliweka vizuizi vitatu. Kwanza kifuniko kinachoificha kamba, ambacho lazima ukizungushe ndipo kitoke. Kisha pini inayoishika springi isisogee. Mwisho, kamba yenyewe ni ngumu, haivutiki mpaka mtu adhamirie. Kizuizi kimoja kikitoka, viwili vinabaki. Nilikuwa nikiwaambia makurutu kwamba mhandisi wa kitu hiki amewapenda mara tatu, nao walikuwa wakinicheka.

Kama kamba ilionekana, basi kifuniko hakikuwepo. Kimoja kilikuwa kimeenda.

"Rudi umuulize kama..." nilianza, kisha nikamshika mkono. "Hapana, usirudi. Muulize kutoka hapa nje."

Tukasimama uani, mbele ya mlango wa jikoni. Mke wangu akaita kwa Kipsigis, akauliza kama kile kitu kilikuwa na pini. Sauti ya mama yake ikatoka kwenye moshi, tulivu kabisa. Nilisikia kila neno, Kipsigis ni lugha niliyozaliwa nayo, lakini adabu ni kungoja neno lifikishwe. Nikangoja.

"Anasema kulikuwa na kapini. Alikatoa akafunga sweta nako, kifungo kilikuwa kimekatika."

Viwili vimeenda.

"Muulize hicho kitu chenyewe amekiweka wapi hasa."

"Ameitundika na ile kamba. Kwa msumari, hapo juu ya moto."

Fataki ilikuwa inaning'inia kwa kamba yake ya kufyatulia, uzito wake wote ukiivuta kamba hiyo, na chini yake kulikuwa na moto uliochochewa kwa heshima yangu. Kilichobaki kati ya mama mkwe wangu na kifo ni ugumu wa kamba. Walioiunda walihakikisha kwamba uzito wa bomba peke yake hautoshi kuivuta, hilo nililijua vizuri. Lakini hawakumfikiria mtu atakayeiokota imenyeshewa msituni, aining'inize kama kibuyu, kisha aipashe moto.

Kanuni ya kazi yangu ni fupi. Watu watoke, kitu kisiguswe, wataalamu waitwe. Hakuna anayeingia.

"Mwambie atoke sasa hivi. Asiguse kitu."

Mke wangu akaita. Jibu likaja.

"Anasema chai iko karibu. Maziwa yataungua."

"Mwambie hiyo si tochi! Ni fataki. Itamchoma yeye na nyumba yote!"

Safari hii jibu lilikuwa maneno machache.

"Anasema utoke hapo kwa mlango. Atapita wapi na wewe umesimama hapo?"

Nilitamani kujipiga kofi. Mimi niliyewafundisha watu kufungua njia ya kutokea, nilikuwa nimeiziba kwa mwili wangu mwenyewe. Nikamvuta mke wangu mpaka nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo mama yake asingeniona, na ambapo mimi pia sikuuona mlango. Tukangoja. Hakutoka. Nikasikia sufuria ikisogezwa. Mke wangu akaanza kulia, akajaribu kujinasua akimbilie ndani, nami nikamshika kiuno kwa nguvu zote. "Wachana na mimi! Ni mamangu!" alinipigia kelele. Sikumwachilia.

Hapo ndipo hasira ilinipanda. Nilimkasirikia mwanamke yule, nikayakasirikia maziwa yake na heshima yetu yote ya miaka. Nikaamua kutumia silaha pekee niliyokuwa nayo.

"Mwambie hivi. Asipotoka sasa, naingia huko jikoni mimi mwenyewe niitoe."

Mke wangu alinitazama, kisha akapaza sauti akalisema lote. Nilikuwa na hakika kwamba mama yule angetoka mbio kuliko kuniona nikivuka kizingiti chake.

Halafu nikasikia kigoda kikiburutwa sakafuni.

Mtu anayekimbia hahitaji kigoda. Kigoda ni cha kupandia. Nilimwachilia mke wangu nikaruka kutoka nyuma ya tangi, na mama mkwe alikuwa tayari mlangoni. Alikuwa ameishika fataki kwa mikono miwili mbele ya kifua, kamba ikining'inia kwenye vidole vyake, mdomo wa bomba ukielekea kidevuni mwake.

"Mama," nikasema.

Lilikuwa neno langu la kwanza kwake. Alisimama, akaniangalia usoni.

"Mama, usikimbie. Ondoa vidole kwa hiyo kamba, polepole. Hivyo hivyo. Sasa lete mikono mbali na uso. Geuza mdomo uangalie msitu. Mbali zaidi, Mama."

Alifanya kila nilichosema.

"Enda nayo hadi kwa ule mtaro wa maji, uilaze chini. Usiitupe. Ukishailaza, pitia kwa majani chai uje huku."

Alitembea hatua kama thelathini. Aliinama taratibu, akailaza kwenye matope kama anayemwekea kuku yai, akakata katikati ya majani chai, akatokea juu ya boma akiwa amelowa mpaka kiunoni. Mke wangu alimkimbilia akamkumbatia. Mimi nilikaa kwenye majani mabichi nikalia waziwazi, mwanaume mzima mwenye pensheni.

Wataalamu walikuja kesho yake. Mkubwa wao aliniambia kwamba kamba ilikuwa imeshajivuta kidogo, akaacha kuongea nilipogeuza uso. Waliipeleka kwenye shimo la zamani la kuchimba maramu ya barabara, wakaifyatulia huko. Iliwaka nyekundu, safi, kama iliyotoka kiwandani jana.

Mama mkwe alirudia desturi yake. Tukikutana, anapinda. Ila mimi nilikaa na kinyongo kwa wiki kadhaa. Mwanamke alikuwa radhi afe kuliko mkwe wake aingie jikoni! Jumapili moja nilimwambia mke wangu hivyo, kwa ukali, nikasema mila za namna hiyo zitatuzika. Yeye alienda kwao, akamuuliza mama yake, akarudi na jibu.

"Mama anasema haikuwa maneno ya jikoni," akaniambia. "Jikoni ungeingia tu, angeombewa kanisani yaishe. Anasema ulisema unaingia kuitoa, na anajua wewe ukisema kitu unafanya. Hangekaa akuone ukichomeka ndani kwa sababu ya maziwa yake. Akaona heri aitoe yeye, kwa sababu amezeeka na wewe uko na watoto."

Mke wangu akauliza amrudishie neno gani.

"Mwambie asante," nikasema.

Ukweli ni kwamba nisingeingia. Kanuni hairuhusu, na zaidi ya kanuni, nilikuwa naogopa sana. Nililisema lile neno ili kumtisha tu atoke, na yeye akaliamini, akapanda kigoda. Ningetaka alijue. Lakini kila ninachomwambia hupitia kwa binti yake, na kwa mdomo huo hili siwezi kulipitisha.