Damu ya Kupimia Wengine

Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa mpimaji wa maabara ya Daktari, na kila Jumatatu asubuhi nilimtoa damu yeye mwenyewe. Wenzangu walinionea kijicho: nani mwingine analipwa kumchoma bosi wake sindano?

Asubuhi alitibu watoto wenye selimundu, mchana akachunguza kwa nini damu yao huharibika. Ugonjwa huo ulimchukua mdogo wake wa kiume, yeye ukamwacha. "Nimepewa damu nzima bure," alikuwa akisema, "basi ifanye kazi." Ndiyo tuliyoifanya mfano wa damu yenye afya, kila damu ya mgonjwa ililinganishwa na yake. Na katika jambo moja hakuwa na mzaha: vioo vya darubini vibandikwe namba tu, majina yabaki kwenye daftari langu, jicho lisije likampendelea mtu.

Jumatatu ile mashine ikasema chembe nyeupe za Daktari zimepanda mara nane. Nikaitukana mashine. Nikapima tena, nikaita fundi. Fundi akaifungua, akaifunga, akasema haina kasoro. Au nilichanganya chupa? Nilimwomba Mungu iwe nimechanganya. Jumanne nikamchoma tena, kwa kisingizio kwamba damu ya jana ilimwagika.

"Unazeeka, mdogo wangu," akanitania.

Majibu yakatoka yaleyale. Sikuwa na ubavu wa kumwambia. Nikafanya mambo ya woga: nikakipenyeza kioo chake katikati ya vya wagonjwa, nikasimama nyuma yake.

Akasoma vitatu upesi. Kwenye cha nne akakawia.

"Huyu hana selimundu. Nani kamleta huku?"

Nikakohoa. "Kaletwa tu."

"Hii ni saratani ya damu. Ana umri gani?"

"Hamsini na mbili."

"Masikini. Ana watoto?"

"Wawili."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. "Asilale bila kujua. Mpigie simu aje sasa hivi, na aje na ndugu yake, asiwe peke yake. Nitamwambia mimi mwenyewe."

"Ameshafika, Daktari."

Akavaa miwani, akainuka kitini, akageuka kutazama mlangoni.