Kitufe cha Msaada kilichotaka bando kwanza

Wakuu, salamu kwenu.

Mtanisamehe kwa makosa ya tahajia. Niliishia darasa la saba na naandika kwa kidole kimoja. Ila ninayosimulia yamenikuta mwenyewe.

Nahudumu kwenye duka la vifaa vya ujenzi, Kisarawe. Tunauza kwa programu ya kompyuta iliyotengenezwa na kijana wa Kibaha tunayemwita Injinia.

Mwanzoni alituita watumiaji ofisini kwake, mtaa wa Picha ya Ndege, hukohuko Kibaha. Tuchague maelekezo yakae wapi: ndani ya programu yenyewe au kwenye website?

Wote tukasema website. Nani anataka kuonekana mshamba?

Asubuhi moja programu ikagoma, eti mauzo ya jana hayajafungwa. Bosi wangu, Mama Upendo, hataki kitu kiuzwe nje ya mashine. Na alishanionya, "Mteja mwingine akiondoka mikono mitupu, na wewe ondoka naye."

Kumpigia Injinia simu naona aibu. Nikabonyeza Msaada.

Ikajibu: Unganisha intaneti.

Bando la intaneti lilikuwa limeisha.

Fundi Saidi, mteja wetu, akaniangalia. "Dogo, saruji naiona kwa macho yangu. Kompyuta inakataa nini?"

"Natafuta msaada, fundi."

"Msaada wa nini? Nabeba mwenyewe!"

Akaenda duka la jirani.

Mama Upendo aliporudi dukani na kusikia, hakupiga hata kelele. "Nenda Kibaha. Bila dawa ya hiyo mashine, usirudi."

Nilikuta Injinia yuko na watumiaji wengine. Nikajikaza. "Kaka, naomba maelekezo yakae ndani ya programu. Niandike tatizo, nipate jibu hata bila mtandao."

Akacheka. "Mdogo wangu, dunia imeshahamia mtandaoni. Ngoja nikuonyeshe ilivyo rahisi."

Ukurasa ukazunguka. Ukaendelea kuzunguka.

"Jamani, nani ana bando aniwashie hotspot?"

Ofisi nzima ikainama kutazama viatu.

Siku ile alinielekeza kwa mdomo, nikarudi dukani. Baada ya muda maelekezo yakaja ndani ya programu, na kisanduku cha kutafuta. Naandika "mauzo ya jana", jibu hili hapa. Injinia anauita uvumbuzi wake. Sawa tu, kazi bado ninayo.

Nilichojifunza: ukiulizwa unataka nini, jibu kwa hali uliyonayo, siyo ile unayotaka watu waione.

Wakuu, kwenye programu mnazotumia Msaada unakaa wapi? Niandikieni. Nitawajibu wote, ila taratibu.