Beseni Bila Miguu

Du. Kichwa cha Fabiola kiligonga ukuta wa mbao, na jirani yake Maman Monique, aliyekuwa akichekecha unga upande wa pili, akaitika: "Karibu." Alidhani mtu amebisha hodi. Mapigo mengi ya mwaka ule Fabiola ameyasahau, lakini mlio huo haujamtoka masikioni.

Mikono iliyomgongesha ilikuwa ya Venant, mumewe. Hakuwa hivyo zamani. Kabla ya kwenda Shabunda kuchimba dhahabu, alikuwa mtu wa kuimba akinyoa ndevu, mtu wa kumpashia mkewe maji ya kuoga jioni. Fabiola ni mbebaji wa mizigo katika soko la Nyawera: kamba kwenye paji la uso, gunia la unga wa muhogo mgongoni, kisha mlima. Venant alikaa machimboni miaka mingi, akivuruga zebaki na mchanga mweusi kwa vidole vitupu, kisha akiichoma kwenye kikaango mpaka ipae moshi na dhahabu ibaki. Moshi ule aliuvuta. Aliporudi nyumbani Cimpunda, chai ilimwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni. Usingizi ukamkimbia. Kisha zikaja ngumi.

Hospitalini daktari aliwaeleza bila kuficha. Zebaki imeingia kwenye neva na kwenye figo. Kutetemeka kule na hasira ile ni dalili kwamba ingalimo mwilini. Akawapa vidonge na chupa kubwa, wakusanye mkojo wa siku nzima, uletwe upimwe, ndipo tiba ijulikane. Venant hakuijaza chupa ile. Alikuwa amesikia kwamba Nyawera kuna njia fupi.

Njia fupi ilikuwa ya mtu aliyeitwa Dokta Thierry, mwenye koti jeupe na chumba nyuma ya vibanda vya viatu. Alikuwa na beseni la maji ya chumvi na vyuma viwili vilivyofungwa kwenye nyaya za umeme. Mgonjwa anatia miguu, mashine inavuma, maji yanageuka rangi ya kutu, na povu jeusi linapanda. Thierry anaonyesha kwa kidole: angalia sumu yako, papa. Na Venant, aliyezoea kuona zebaki ikitembea mchangani na kuikusanya dhahabu chembe kwa chembe, hakutaka ushahidi zaidi. Kwake ilikuwa kazi ileile: kitu kinakiita kitu. Mchimbaji gani atakikana alichokiona kwa macho yake ndani ya karai?

Thierry hakumpima damu wala mkojo. Alimwambia tu aache vidonge vya hospitali, kwa kuwa vinaifungia sumu njia. Na Fabiola alipomwendea peke yake, jicho moja limefumba, kumwuliza mbona mumewe anazidi kuwa mkali, Thierry alimtazama kwa huruma akamwambia ashukuru. Hasira ni uchafu unaotoka. Akipiga sana, basi mwili unajisafisha sana.

Fabiola akavumilia, kama anayeshika kichwa cha mgonjwa anayetapika. Siku aliyovunjwa jino, alilitema kiganjani akajiambia: hiyo nayo imetoka. Siku aliyokanyagwa mbavu, alijikaza kifua kwa kitenge, akaenda kubeba gunia. Alitaka kitu kimoja tu chini ya jua: yule mtu wa kuimba arudi.

Rafiki yake wa mizigo, Maman Eulalie, hakuwa na subira hiyo. Walipokuwa wakipumzika kwenye ngazi za soko alimwambia: "Dawa gani hiyo, Maman Fabiola? Mutu akipona, njo dawa. Akizidi kugonjwa, njo dawa tena. Hata mimi naweza kufungua hopitali kama hiyo." Wabebaji wakacheka. Fabiola hakucheka, mbavu zilimkatalia.

Ikafika adhuhuri moja. Thierry alimimina maji mapya, akatia chumvi, akawasha mashine. Kabla Venant hajavua viatu, umeme ukakatika. Thierry akaenda na bidoni, dumu lake la mafuta, kutafuta petroli ya jenereta. Venant akatoka kupunga hewa. Fabiola akabaki kwenye benchi, yeye na lile beseni.

Umeme ukarudi. Mashine ikavuma. Ndani ya beseni hamkuwa na mguu wa mtu. Maji yakaanza kuwa ya manjano, yakawa kahawia, kisha povu jeusi likapanda, lilelile la kila juma. Fabiola aliinama. Vyuma vilikuwa vinaliwa. Uchafu wote ulitoka kwenye chuma.

Mapigo ya mwaka mzima yakamrudia mwilini kwa mkupuo, na safari hii hayakuwa na jina la dawa.

Alimwita mumewe, akamwonyesha. Venant aliinama, akavitazama vyuma vilivyoliwa. Thierry aliporudi na bidoni, akaanza kueleza kwamba huo ni uchafu wa mgonjwa wa jana uliosalia. Hakumaliza. Venant alimkamata koti, akamgongesha uso kwenye mwimo wa mlango, mara moja, na tena, mpaka jeupe likawa jekundu. Beseni likapasuka chini ya miguu yao. Nje mtu alitamka neno mwizi, na Nyawera neno hilo halihitaji maelezo. Wenye pikipiki walikuja na minyororo, mwingine akiviringisha tairi. Thierry aliburutwa hadi njiani, akapigwa mateke ya tumbo, akilia jina la mama yake.

Venant akaokota bidoni, akammwagia Thierry petroli kichwani. Akatoa kiberiti.

Njiti ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikaanguka. Vidole vilitetemeka hata kisanduku cha njiti kikapiga kelele kama kayamba, na watu wakaanza kumhimiza. Fabiola akapenya katikati yao, akakinyakua kiberiti.

Venant akageuka, akampiga usoni mbele ya soko lote. Fabiola akaanguka chini, naye Venant akamfuata kwa teke.

Hapo magunia ya wabebaji yakatua chini. Maman Eulalie alifika wa kwanza, kwa kichwa, tumboni mwa Venant; nyuma yake wanawake wenzake wenye shingo ngumu kama mashina. Walimpiga mpaka akalala kifudifudi, wakamfunga mikono kwa kamba zao za mizigo. Watu walioacha kuchoma mtu ili watazame wanawake wakipigana hawakuona Thierry alivyotambaa chini ya vibanda na kupotea, akinuka petroli, kiatu kimoja tu mguuni.

Mwenye tairi aliuliza sasa huyu wanampeleka wapi.

"Hopitali," alisema Eulalie, akipangusa damu kwenye kiwiko. "Leo huyu njo gunia yetu."

Wakateremka naye, wakimvuta. Fabiola alitangulia, pua ikivuja, amekishika kile kiberiti.

Hospitalini muuguzi alimkalisha Venant, akawaomba wanawake wamfungue. Hakuwa na nguvu tena. Machozi yalimtoka tu. Kisha muuguzi akamgeukia Fabiola. Akaitazama midomo, jicho, pengo la jino, akauliza nani amefanya hivi.

Venant akawahi kujibu. "Ni sumu, sista. Ilikuwa inatoka."

Muuguzi hakumtazama. Fabiola alikuwa ameinamisha kichwa, na aliposema, hata Eulalie aliyesimama karibu ilibidi asogeze sikio.

"Ni bwana yangu alinipiga. Mumutunze, apone. Lakini kwangu asirudi."