Baba Mkubwa Onesmo na Bomba la Mshazari

Baba mkubwa Onesmo hutengeneza mabanda ya kuku hapa Picha ya Ndege, Kibaha. Mabanda yake yamefika hadi Maneromango, na barabara ile ilivyo na mashimo, yalifika yamenyooka vilevile. Kitu kikienda upande mbele yake, chakula hakipiti. Nimewahi kumwona akiacha ugali upoe ili akanyooshe mlango wa jirani.

Alhamisi iliyopita binti yake, dada Atupele, alikuja kuchukua kazi aliyoagiza. Anasoma shahada ya pili chuoni Dar, na kesho yake asubuhi alikuwa anakwenda kutetea utafiti mbele ya walimu. Anachunguza vijibomba vya kaboni. Chukua unywele mmoja, upasue mara elfu hamsini, ndio unene wa kimoja. Kwa kuwa havionekani, alimwomba baba yake amtengenezee kimoja kikubwa kwa wavu wa kuku, maana chembe za kaboni zimejipanga hivyohivyo, macho ya pembe sita. Alimchorea hata mstari wa kukunjia.

Dada akalizungusha mikononi bomba lililokamilika.

"Baba, mstari wangu ulikuwa wa mshazari."

"Niliuona. Ulikosea, nikakurekebishia."

Mimi nikacheka. Dada hakucheka. Alikaa juu ya ndoo, akatueleza. Kaboni ni ileile, kinachobadilika ni mkunjo. Ukiukunja wavu kama alivyofanya baba mkubwa, macho yakazunguka sawasawa, bomba linapitisha umeme kama waya. Ukiukunja kwa mshazari ule aliochora yeye, umeme haupiti mpaka usukumwe kidogo, na ukilimulika, lenyewe linatoa mwanga wake. Badilisha unene au mshazari, na rangi ya mwanga inabadilika.

"Kaboni hii ya kwenye mkaa?" nikauliza.

"Hiyohiyo. Na utafiti wangu wote ni huo mwanga. Kesho nikienda na hili, nawaonyesha bomba lisilowaka."

Baba mkubwa alishika kidevu. "Kwa hiyo kupinda ndiko kazi yenyewe. Mama, si ungesema."

"Nilichora, baba."

"Mimi mchoro uliopinda naunyoosha. Hunijui?"

Wavu ulikuwa umeisha na duka limefungwa. Akachukua koleo, akaenda kubandua wavu wa mlango wa banda lake mwenyewe.

"Na kuku wangu?" mama mkubwa Eugenia akauliza kutoka jikoni.

"Leo wageni wako hao. Wapishe."

Akaanza kukunja. Mara mbili mikono ilijinyooshea yenyewe, na mara mbili dada akampiga kikofi: "Upande, baba." Alitoka jasho kuliko siku ya kujenga banda la kuku mia tano. Lilipokamilika, macho yalipanda yakizunguka bomba kama ngazi. Dada akayachukua mabomba yote mawili, ili walimu waone tofauti.

Ijumaa saa saba akapiga simu. Amepita. Mwalimu mmoja aliyashika mabomba muda mrefu, akauliza fundi ni nani.

"Nikamwambia ni baba yangu."

"Ulimwambia lile lililopinda uliagiza wewe?"

Dada alicheka mpaka simu ikakwaruza.

Leo Jumatatu kuku bado wanalala jikoni. Kalenda ya sebuleni imeenda upande tangu juzi. Baba mkubwa ameiangalia, akamega tonge, akaendelea kula.