Koti la Mbele Tu

Bakwetu, mkitaka kucheka chekeni tu, maana mimi mwenyewe nimejaribu miaka yote hii kuifanya ile Jumamosi iwe ya mtu mwingine na imekataa, bado ni yangu, na kila nikiikumbuka masikio yananiwaka moto.

Ilikuwa miaka ya tisini, hapa hapa Likasi, kampuni yetu ya migodi imelala na sisi wafanyakazi wake tuko macho. Nilikuwa karani wa depo, na kila asubuhi nilifungua depo isiyo na hata msumari, nikaandika "hakuna" kwenye daftari, nikapiga muhuri, nikafunga mlango na kuita hiyo kazi. Mshahara ulikuwa kama mvua ya Agosti, unaisikia kwenye mazungumzo tu. Lakini nilikuwa na Odette (au nilijidanganya kwamba ninaye), na wazazi wake walikuwa wamesema nifike Jumamosi ile, saa nane, wanione ni mtu wa namna gani.

Mchana huo, kabla ya kwenda, nikapita mtaa wa Kikula, kwenye studio ya Papa Deo mpiga picha, nipige foto moja ya kumtumia dada yangu aliyeolewa Kapolowe. Papa Deo alikuwa na koti jeusi la kuwavalisha wateja, na ili liwatoshe wanene na wembamba alikuwa amelipasua nyuma, kutoka kola mpaka chini, akawa analibana mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo. Shati lake nalo lilikuwa kifua tu: kola, vifungo, na kipande cha kitambaa kinachofungwa kiunoni kwa kamba. Kamera haina haja ya mgongo wa mtu, si ndiyo? Nikavua shati langu la kijani lililopauka, nikavishwa, nikajitazama kwenye kioo chake.

Nikamwona bwana mmoja. Sikuwa namjua, ila nilimpenda pale pale.

"Papa Deo," nikasema nikilishika koti, "niazime hii vesti, naenda kwa wazazi ya Odette."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Weye, sikia. Hii vesti iko ya mbele tu. Nyuma haina kitu."

"Nitaingia na mbele, nitaikala, nitatoka na mbele. Mugongo sitapatia muntu."

Akacheka mpaka akakohoa, akaniongezea vibanio viwili. "Ku saa kumi bwana-arusi anakuya hapa kupiga foto na hii vesti. Saa kumi, unasikia? Ukichelewa nitakufwata kule kule."

Basi nikaondoka. Na hapa ndipo ninaposhindwa kueleza vizuri, maana nilitembea kama mtu anayeota: maua ya jakaranda yalikuwa yameanguka njia nzima, unakanyaga zambarau, bomba kubwa la kiwanda halitoi moshi kwa hiyo mbingu ilikuwa safi kuliko nilivyowahi kuiona, na joto lilifanya nyumba za mbali zitetemeke kama ziko ndani ya maji. Watu waliokuja mbele yangu walisema, "Bonjour, patron!" nami nikainamisha kichwa kidogo, kama yule bwana wa kioo angefanya. Wakishapita nilisikia nyuma yangu kimya kifupi halafu vicheko, na mimi (mnaona ujinga wangu) nikafikiri ni furaha ya siku njema. Upepo ulinipuliza mgongoni, nikasema kumbe wakubwa wanaishi hivi, na ubaridi kidogo.

Nyumbani kwa kina Odette niliingia vizuri. Nikamsalimu baba yake, Papa Ilunga, fundi umeme wa kampuni, kwa mikono miwili. Nikamsalimu mama. Nikarudi nyuma taratibu mpaka nikafika kwenye kiti, nikakaa, mgongo umebanwa kwenye kitambaa chake cheupe. Odette aliketi mbali, macho chini, akitabasamu kidogo, na nikajibu maswali yote kwa sauti ambayo haikuwa yangu. Kazi? Inaenda vizuri. Depo? Imejaa. (Mungu anisamehe.) Saa zikapita kama wingu. Mama akaleta vyungu viwili, akaviweka mezani na vifuniko vyake, halafu Papa Ilunga akasimama.

"Bon. Tuombe."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Walikuwa watu wa kanisa la maombi, na katika nyumba yao mtu anaomba kwa kupiga magoti akielekea kiti chake, viwiko juu ya kiti, mgongo kwa wenzake. Wote watatu wakageuka. Mimi nikapiga magoti nikiwa nimeelekea mezani.

Papa Ilunga akafungua jicho moja, akatazama nyuma. "Mutoto, geuka. Hapa kwetu tunaombaka hivi."

"Papa, miye nimezoea huku."

"Mungu haiko ku meza. Geuka."

Nikageuka, polepole. Nikaegemea kiti, na nilipoinama kibanio cha kwanza kikaruka. Kikagonga kifuniko cha chungu, *ting*. Papa Ilunga akaendelea kuombea taifa. Cha pili kikaruka alipofika kwa wagonjwa, na kwa wajane vikatoka vyote vilivyobaki, koti likafunguka kama mlango wa kabati, na hewa ya dirishani ikanigusa kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Sikuthubutu kutikisika. Nikaomba kweli, kwa mara ya kwanza siku ile: maombi yasiishe.

"Yesu wangu!" Mama huyo, amegeuka kuona kinachogonga. "Huyu mutoto iko butupu!"

Kabla mtu hajasema neno la pili, baiskeli ikaanguka nje na Papa Deo akaingia bila hodi, anatoka jasho. "Saa kumi imepita! Bwana-arusi analia pale kwangu! Vua!"

Akanivua mwenyewe, koti na kile kifua cha shati, mbele ya Odette, mbele ya baba mkwe, akasema "Mutusamehe" kwa heshima, akaondoka. Nikabaki nimepiga magoti, kifua wazi, mbavu zinahesabika. Odette alikuwa amekimbilia jikoni. Nilitamani sakafu ile ya saruji iwe maji.

Papa Ilunga akaketi kwenye kiti chake. "Na depo?"

"Haina kitu, Papa. Tangu mwaka jana."

Mama akavua kitenge alichojifunga juu ya gauni lake, akanifunika mabegani kama anavyofunikwa mgonjwa wa homa, na akamwambia mumewe, "Tumwambie yetu na siye?" Hakungoja jibu. "Miye, mutoto, kila magaribi natwangaka kinu bure. Majani ya sombe hamuna ndani. Natwanga tu, juu ba jirani basikie kama huku tunakula."

Na sauti ya Odette ikatoka jikoni, imejaa kicheko na machozi pamoja: "Na bale ba jirani nabo banatwangaka bure, mama. Kinu yenye haina kitu inajulikana!"

Papa Ilunga ndiye aliyeanza. Alicheka ameshika meza. Tukacheka sote, mimi na kitenge changu cha ndege wekundu, mpaka chakula kikapoa, na kilikuwa bukari, ndio ugali wetu, na maharagwe machache, na sijala kitu kitamu kama kile tena.

Odette alikubali, ila alinifanya ningoje mwaka mzima, na haki yake. Mimi nami niliapa pale pale, na sijavunja. Nikialikwa kwa watu, kabla hata ya salamu nasema mlangoni: bakwetu, soksi ya kushoto iko na tundu, na njaa niko nayo. Wanacheka. Halafu wananikaribisha ndani.